Jiwe la kwanza kwenye kamba

*Wanawake wakimbizi wa Nakivale, Uganda, huulizwa vita viliwafanya nini. Wachache ndio wanaoulizwa kilichowapata nyumbani, kabla risasi ya kwanza haijalia.*

Mshauri nasaha anatandika kamba sakafuni. Ncha moja ndiyo siku uliyozaliwa. Ncha ya pili imeachwa imezongwa, kwa sababu maisha yako bado yanaendelea. Pembeni pana rundo la mawe, makubwa kwa madogo, na maua yaliyochumwa nje ya kibanda. Anakuomba uyapange kwenye kamba: ua kwa siku ya furaha, jiwe kwa siku iliyokuumiza. Husimulii kitu bado. Unataja tu ni jambo gani, ulikuwa na umri gani, na ilikuwa wapi. Kisha unaweka.

Hivyo ndivyo inavyoanza tiba ya masimulizi, njia ya kutibu kiwewe ambayo imejaribiwa hapa hapa Nakivale. Chukua mama wa miaka 40 aliyekimbia Kivu, mashariki mwa Kongo. Ataweka jiwe la kijiji kuchomwa. Ataweka la mume kuuawa, na la usiku waliolala porini na watoto. Anayetazama kwa nje atadhani kazi imekwisha, kwamba maradhi yote yamo katika mawe hayo.

Lakini kamba haianzii vitani. Inaanzia kuzaliwa, na kwa wanawake wengi lipo jiwe linalotakiwa kukaa karibu kabisa na ncha ya mwanzo: miaka sita, minane, kumi. Aliyelileta hakuvaa sare ya jeshi. Alikuwa mjomba, baba wa kambo, mwalimu, au kijana wa jirani aliyeaminiwa kubaki na watoto mama akiwa shambani.

Makala hii inalifuata jiwe hilo.

Kutoka Nakivale hadi Nyamityobora

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani Afrika. Yalianzishwa 1958, na Wanyarwanda ndio waliotangulia. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, zaidi ya watu 150,000, waliotawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Mama wa Bukavu na mama wa Bujumbura wakikutana sokoni wataelewana kwa Kiswahili.

Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, na humruhusu kutembea na kufanya kazi. Ndiyo maana wengine hutoka makazini wakaenda Mbarara, safari ya kama kilomita 60, kutafuta kazi za kufua, kupika, kusuka na kushona. Nyamityobora ni mtaa mmoja wa mji huo. Anayehamia huko anapata chumba cha kupanga na kibarua, ila anaacha nyuma mgao wa chakula, na mara nyingi anamwacha mshauri nasaha pia, kwa kuwa huduma za wakimbizi zimefungamanishwa na makazi.

Kuhusu vita, Nakivale imehesabiwa vizuri. Utafiti uliochapishwa 2009 ulikuta maradhi ya kiwewe kwa asilimia 32 ya Wanyarwanda waliochunguzwa na asilimia 48 ya Wasomali. Takwimu hizo zimenukuliwa mara nyingi, na zilistahili.

Kuhusu yaliyotokea nyumbani, hesabu ilichelewa. Mwaka 2015 Uganda ilifanya utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto. Asilimia 35 ya wasichana wa miaka 18 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa asilimia 17. Tanzania ilikuwa imetangulia 2009, ikakuta karibu wasichana watatu kati ya kumi. Kenya, mwaka mmoja baadaye, asilimia 32. Hizi ni nchi tatu zenye amani kwa sehemu kubwa, na takwimu ni za watoto waliokuwa wakilala vitandani mwao.

> Asilimia 35 ya wasichana wa Uganda, asilimia 32 wa Kenya, karibu watatu kati ya kumi Tanzania: hakuna kati yao aliyehitaji vita ili aumizwe.

Ilipofika 2022 utafiti wa namna hiyo ulifanywa ndani ya makazi ya wakimbizi ya Uganda, wa kwanza wa aina yake duniani katika mazingira ya wakimbizi. Ni hatua kubwa. Hata hivyo uliwauliza watoto na vijana wa leo. Mama zao, ambao walikuwa watoto wakati hakuna aliyekuwa akiuliza, hawamo.

Saa 72

Mtoto akinajisiwa leo Nakivale, kuna njia inayojulikana. Apelekwe kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita ili aanzishiwe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Msichana aliyevunja ungo anaweza kuzuiwa mimba ndani ya siku tano. Polisi wana fomu yao, 3A, ambayo daktari huijaza. Sheria ya Uganda iliyorekebishwa 2007 inaweka adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa chini ya miaka 18, awe wa kike au wa kiume, na adhabu inaweza kufika kifo iwapo mtoto hajafikisha miaka 14, au mkosaji ni mzazi, mlezi au mtu mwenye mamlaka juu yake.

Njia hiyo imeokoa maisha, na waliopigania iwepo wanastahili heshima. Tatizo ni kwamba imejengwa juu ya saa. Kila fomu inauliza: lini? Jibu likiwa "juzi", milango inafunguka. Jibu likiwa "nilipokuwa na miaka minane", na anayejibu ana miaka 38, hakuna dawa ya kuanza, hakuna cha kupima, na kama kosa lilitendeka Uvira au Masisi, kule Kivu, hakuna shahidi wa kuitwa. Muuguzi mwenye foleni ya watu mia nje ya dirisha hana ukurasa wa kuandika jibu hilo.

Kwa hiyo mama hasemi. Husema kitu kingine.

Analeta mgongo, anaondoka na panadol

Husema mgongo. Husema tumbo la chini, kichwa kinachogonga, moyo unaokwenda mbio akiwa ameketi tu. Husema "nina mawazo mengi", na anayemsikiliza anaitikia, kwa kuwa nani Nakivale hana mawazo? Anapimwa malaria, anapimwa vidonda vya tumbo, anapewa panadol. Baada ya wiki tatu anarudi na maumivu yale yale.

Maumivu hayo si ya kujisingizia. Mtoto anapoumizwa na mtu anayemtegemea, anakwama mahali ambapo mtu mzima hakwami. Mtu mzima aliyeumizwa na adui anaweza angalau kumchukia adui. Mtoto hawezi kumchukia anayemlisha, kwa hiyo anajichukia yeye. Anajiambia alikosea mahali: alivaa vibaya, hakupiga kelele, alikubali ile peremende. Wazo hilo humezwa kabla hajawa na maneno ya kulipinga, naye hukua akiamini kwamba ndivyo alivyo, kwamba ni mchafu tangu ndani.

Mwili nao hujifunza kukaa macho. Hiyo ndiyo sababu usingizi unakatika saa nane usiku bila kitu kugonga mlango. Hiyo ndiyo sababu mwanamke anaganda mume anapomgusa ghafla, na mume, ambaye hajui lolote, anaamini kuna mwanamume mwingine. Vipigo vinaweza kuanzia hapo. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba aliyedhulumiwa kingono utotoni yuko katika hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa tena ukubwani, na ya kupata sonona, wasiwasi uliopitiliza, ulevi na mawazo ya kujiua.

Kuna nyakati ambazo jambo la kale huamka kwa nguvu. Chumba cha kujifungulia ni mahali pamoja: kulazwa chali, kuambiwa utanue miguu, kuguswa na mikono ya mtu usiyemjua aliye na haraka. Mama anayepiga kelele na kumsukuma mkunga huitwa mkaidi. Wakati mwingine ni pale binti yake anapofikia umri ule ule aliokuwa nao yeye. Ghafla hataki mtoto atumwe dukani, hataki alale kwa bibi, anamkagua nguo kila jioni, na hawezi kumweleza mtu kwa nini. Na kuna anayeamka tena uzeeni, watoto wakishaondoka na nyumba ikibaki kimya.

Sayansi ya jambo hili ina historia fupi. Huko San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti alikuwa akiendesha kliniki ya kupunguza unene, akashangaa wagonjwa waliokuwa wakifanikiwa ndio waliokuwa wakitoroka. Alipowauliza kuhusu maisha yao aligundua wengi walidhulumiwa kingono utotoni. Yeye na mwenzake Robert Anda wakaendelea hadi wakahoji watu zaidi ya 17,000, na matokeo waliyoyachapisha kuanzia 1998 yalionyesha kwamba kadiri madhila ya utotoni yanavyoongezeka ndivyo sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo yanavyoongezeka miaka mingi baadaye.

Anayesema hayo ni mambo ya Marekani na asogee karibu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa Nyakabare, wilaya ya Rwampara, jirani kabisa na mji wa Mbarara, ambamo walishiriki watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Waliwahoji watu wazima wa vijiji vinane. Madhila ya utotoni yalifuatana na sonona na mawazo ya kujiua ukubwani. Hawakuwa wakimbizi. Walikuwa wakulima wa Ankole, katika vijiji vyao wenyewe.

Wanaosema tuyaache

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Shangazi atakuambia hivyo, na mchungaji, na shekhe, na mara nyingi mama mzazi aliyejua na akanyamaza. Si vema kuwasikiliza kwa dharau. Wanajua wanachokilinda. Mwanamke akisema, mume anaweza kumrudisha kwao. Binti zake wanaweza kukosa wachumba. Wazee wa pande mbili wanaweza kukaa, wakapokea fedha au mbuzi, wakatangaza kwamba mambo yamekwishia nyumbani, na yeye akaendelea kumwamkia mkosaji katika kila arusi na kila matanga.

Nao wana hoja moja yenye uzito wa kitaalamu. Kumfungua mtu kidonda kisha ukaondoka ni kumdhuru. Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike kikao kile cha mara moja ambapo aliyepata msiba anashinikizwa kusimulia yote. Kwa hiyo mradi unaokuja na dodoso, ukauliza maswali mazito, ukapiga picha na kutokomea, ni bora usije.

Pingamizi la pili linatoka kwa wataalamu wenyewe. Mwaka 2010 Kenneth Miller na Andrew Rasmussen waliandika kwamba katika maeneo ya vita tumeshikilia mno kiwewe cha zamani na kusahau shida za kila siku: njaa, kodi, ugomvi wa ndoa, kutojua kesho. Ondoa hizo kwanza, walisema, na wengi watapata nafuu bila mshauri. Frank Neuner, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyekuwa ameongoza majaribio ya tiba Nakivale, aliwajibu mwaka huo huo akihoji kama ni sahihi kutanguliza shida hizo kwa lengo la kuponya akili.

Mjadala huo ulifanyika katika majarida, lakini unamhusu moja kwa moja mama wa Rubondo anayeamua kama atumie asubuhi yake kwenye kikao au kwenye foleni ya maji. Naamini Miller na Rasmussen wako sahihi kuhusu njaa. Hakuna anayepona akiwa na njaa. Ila dhuluma ya utotoni si mabaki tu ya jana. Yenyewe huzalisha shida za leo. Mwanamke anayeganda, asiyelala, anayeshindwa kumwamini mwajiri wala jirani, hushindwa pia kushika kibarua, kukaa katika kikundi cha kuweka akiba, kuuliza bei bila kutetemeka. Mpe chakula, na bado atakuwa macho saa nane usiku.

Wapo pia wanaotaka sheria itangulie: wakosaji wafungwe, mengine yafuate. Kwa mtoto wa leo, ni kweli kabisa. Kwa mama wa miaka 40 ambaye mkosaji wake alikufa zamani kule Fizi, Kongo, mahakama haina cha kumpa, na kumfanya asubiri haki ndipo apone ni kumwongezea adhabu.

Jirani aliyefunzwa

Habari njema ipo, na inashangaza kwamba haijulikani zaidi. Madaktari bingwa wa akili Uganda nzima hawafiki mia moja. Kusubiri kila mama amwone daktari bingwa ni kusubiri milele. Nakivale ilionyesha njia nyingine.

Neuner na wenzake, pamoja na Mganda Lamaro Onyut, waliwafunza wakimbizi wa kawaida kuwa washauri. Kisha wakawagawa wagonjwa 277, Wanyarwanda na Wasomali, katika makundi: tiba ya masimulizi, ushauri wa kawaida wa kiwewe, na kundi la kufuatiliwa tu. Tiba ilikuwa vikao sita. Miezi tisa baadaye, asilimia 70 ya waliopata tiba ya masimulizi hawakuwa tena na maradhi ya kiwewe, na asilimia 65 ya waliopata ushauri. Katika kundi lisilotibiwa walikuwa asilimia 37. Matokeo yalichapishwa 2008.

Kuna tarakimu nyingine katika utafiti ule ambayo binafsi naiona kubwa kuliko zote. Walioacha tiba ya masimulizi katikati walikuwa asilimia 4 tu, wakati walioacha ushauri walikuwa asilimia 21. Tunaambiwa watu wetu hawawezi kusimulia, kwamba ni aibu. Mbele ya mtu aliyefunzwa, anayesikiliza, anayeandika simulizi yao na kuwasomea tena kikao kinachofuata, walisimulia hadi mwisho.

> Walioacha tiba ya kusimulia walikuwa asilimia 4. Mbele ya msikilizaji aliyefunzwa, watu husimulia.

Utafiti ule ulilenga vita, na haukuwa wa wanawake peke yao. Kwa wanawake waliodhulumiwa kingono, ushahidi ulio karibu zaidi nao unatoka Kongo mashariki, na ulitolewa 2013. Judith Bass na wenzake walifanya kazi katika vijiji 15 vya Kivu, na wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipata tiba ya kikundi, ambapo wanawake hujifunza kuyakamata mawazo yanayowahukumu, kama lile la "mimi ndiye niliyekosa", na kuyahoji. Vingine vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Mafunzo yalirahisishwa, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Nusu mwaka baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa kwenye vikundi ndio waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 42.

Wanawake wengi wa lugha na asili hiyo hiyo wanaishi sasa Juru, Rubondo na vyumba vya kupanga vya Nyamityobora. Tiba inayofanya kazi ipo, imejaribiwa kwao, inatolewa na watu wa kwao, na haihitaji jengo.

Mgao ulipokatika

Kinachokosekana ni fedha na nia. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwakatia msaada wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Msaada wa Marekani, uliokuwa ukibeba sehemu kubwa ya huduma, ulipunguzwa mwaka huo huo. Bajeti inapofinywa hivyo, cha kwanza kufutwa ni kile kisichoonekana kwa macho. Kisima kikikauka watu watalalamika mbele ya ofisi ya kamanda wa makazi. Mshauri nasaha akiachishwa kazi, hakuna maandamano. Aliyekuwa akimsubiri Alhamisi ataambiwa tu kwamba hayupo.

Mjini hali ni ngumu kwa namna yake. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina idara ya afya ya akili, na sheria ya afya ya akili ya 2018 inataka huduma hiyo iwe karibu na watu. Lakini lugha ya hospitali ni Kinyankole na Kiingereza. Jambo ambalo mtu hajalisema kwa miaka 30 halitamkiki kupitia mkalimani, hasa kama mkalimani anakaa mtaa mmoja naye. Mradi wowote wa Nyamityobora usio na mwanamke mmoja aliyefunzwa na anayezungumza Kiswahili utakuwa mradi wa karatasi.

Kwa mtoto, kuna simu ya bure, Sauti, namba 116, na inapokea taarifa kutoka Uganda nzima.

Wasichana wa Kavumu

Hata haki ikipatikana, kazi ya kuponya hubaki. Kati ya 2013 na 2016, katika mji mdogo wa Kavumu, kaskazini ya Bukavu, Kongo mashariki, wasichana wapatao 40 walichukuliwa usiku vitandani mwao na kubakwa. Wengine hawakuwa wamefikia umri wa kwenda shule. Waliotenda waliamini damu ya mabikira ingewakinga vitani. Wasichana walitibiwa katika Hospitali ya Panzi ya Dk. Denis Mukwege. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani mbunge wa jimbo, Frederic Batumike, na wenzake kumi, ikawahukumu kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na mwaka uliofuata rufaa ikaikazia hukumu hiyo.

Kesi hiyo ilisifiwa dunia nzima, na ilistahili. Ila wasichana wale wameendelea kukua. Aliyekuwa na miaka mitano 2013 ametimiza 17 mwaka 2025, na Februari ya mwaka huo waasi wa M23 waliingia Kavumu, siku mbili tu kabla ya kuiteka Bukavu. Maelfu ya watu wa Kivu wamevuka kuingia Uganda miaka hii. Wengi hupitia kituo cha Nyakabande, Kisoro, na sehemu yao hupelekwa Nakivale.

Msichana wa umri huo akishuka kwenye basi Nakivale, ataulizwa amekimbia nini, na atajibu M23, na jibu litakuwa la kweli. Mwenye kumuuliza swali la pili, kwa Kiswahili, faraghani, akiwa na nafasi ya vikao sita mbele yake, anatakiwa awe ameshafunzwa na kuajiriwa kabla basi halijafika.